Kidole cha Mjomba

Gari la mkunga lilirudi gereji kwetu asubuhi ya Jumanne, wiki tatu tangu tulihudumie. Alilisimamisha getini akashuka bila kuzima injini.

"Kelele za simba, mwendo wa kobe," akasema. "Jana kwenye kilima cha zahanati nimekanyaga mafuta mpaka mwisho, injini inalia, gari haliendi. Na huko juu kuna mama ananisubiri. Nikaliacha, nikapanda kwa miguu."

"Na mtoto?" nikauliza.

"Hakunisubiri. Nimemkuta analia kuliko hili gari."

Mjomba akacheka kwenye benchi lake. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeshaanza kuhesabu zile wiki tatu.

Mjomba ni kaka wa mama yangu, na ndiye aliyenifundisha kazi. Hakuna chuo nilichosoma. Mtaa mzima unamwita Kidole, kwa sababu akichovya kidole kwenye oili yoyote, akaisugua na kuinusa, atakwambia ina umri gani na imepata tabu gani. Mimi alikuwa akinitania: "Kidole kimoja hakivunji chawa, ndiyo maana nimekuweka hapa."

Lakini mwaka huo ulikuwa mbaya kwake. Kwanza alisahau kukaza nati za gurudumu la gari la mikate. Halafu akafunga breki za teksi kinyume. Watu hawakuumia, ila habari zilimfikia binti yake, akasafiri siku mbili nzima kuja kutuona. Aliongea mbele yangu, bila kupandisha sauti.

"Baba, kosa la tatu likitokea, unafunga begi tunaondoka wote. Sitaki siku moja niambiwe mtu amekufa kwa mkono wako."

Mjomba akakubali. Mtu mzima haapi mara mbili. Binti alipoondoka, akaniambia, "Anakaa ghorofa ya nne. Kule nitakuwa fundi wa rimoti."

Basi, mkunga alipotuachia funguo, nikamuuliza polepole, kama mtu anayeuliza habari za mvua.

"Mjomba, siku ile nilipokwenda kununua filta, hili gari ulilipima oili ya gia?"

"Nililipima. Walikuwa wameijaza kupita kiasi. Ilimwagika kama lita moja na nusu, nikaiacha mpaka yakabaki matone, nikafunga."

"Injini ilikuwa inawaka?"

"Inawaka ya nini? Nilikuwa napima gia, sio redio."

Nikaitikia kwa kichwa, nikaenda kutafuta spana ambayo nilikuwa nimeishika mkononi.

Sikuweza kumlaumu. Maisha yake yote alikuwa fundi wa malori ya gia za mkono. Kule unazima injini, unafungua boliti ya ubavuni, kilichozidi kinatoka, kikibaki kudondoka unafunga. Ndivyo alivyonifundisha, na kwa lori ni sahihi kabisa. Lakini gari la mkunga ni la kisasa, gia zinajibadilisha zenyewe. Halina hata kijiti cha kupimia. Unalinyanyua likae sawasawa, unawasha injini, unapitisha gia zote moja moja, unaunganisha kompyuta na kusubiri oili ifike joto la nyuzi arobaini. Hapo ndipo unafungua boliti ya chini. Ikitoka nyembamba kama uzi, iko sawa. Isipotoka, imepungua. Ukifungua injini ikiwa imezimwa, oili iliyopaswa kuzunguka juu inakuwa imeshuka yote chini, nawe utadhani imezidi. Utaimwaga, na gari litatembea na kiu.

Hayo niliyajua mwenyewe kwa kusoma kwenye simu, usiku na mchana, kwa miaka miwili. Kwa nini sikumwambia? Nilidhani nitamwambia likija gari la namna hiyo. Likaja siku niliyokwenda kununua filta.

Saa sita Mjomba aliingia chumba cha nyuma kujinyoosha mgongo. Nikalinyanyua gari, nikafuata hatua zote. Nyuzi thelathini na nane. Arobaini. Nikafungua boliti.

Halikutoka hata tone.

Nikakaa pale chini nikitazama lile tundu. Halafu nikafanya kitu ambacho sikukipanga. Nilichukua pampu ya mkono nikaingiza oili mpya kupitia boliti ya juu, taratibu, mpaka ikaanza kutoka chini kama uzi. Nikafunga, nikafuta kila mahali. Gia zenyewe zilikuwa zimeshaungua, hilo nililijua kwa harufu. Nilikusudia kumwambia mkunga kwamba gari limechoka, kisha nitafute giaboksi nyingine na kuifunga mwenyewe. Mjomba angebaki kwenye benchi lake.

Nilipogeuka alikuwa amesimama mlangoni, shati limekunjamana.

"Nionyeshe na mimi hiyo kompyuta yako," akasema. "Mzoea punda leo apande farasi."

Sikuwa na sababu ya kukataa. Akauliza kila hatua, nikamweleza kila hatua, na alipokuwa akirudia maneno yangu niliona mkono wake ukienda polepole zaidi, kama wa mtu anayekaribia kitu gizani. Arobaini ilipita kidogo. Akafungua boliti yeye mwenyewe. Uzi mwembamba ukashuka.

"Kwa hiyo iko sawa," nikasema.

Aliweka kidole chini ya ule uzi. Akasugua. Akanusa. Akasugua tena, akakisogeza kwenye mwanga wa mlango.

"Humu kuna wawili," akasema. "Mmoja ameungua, mweusi. Mwingine hajamaliza hata saa moja. Nani amemwingiza?"

Nikaitazama ile pampu ya mkono.

"Injini inawaka," akasema taratibu, akijisomea mwenyewe. "Basi siku ile haikuwa imezidi."

"Mjomba, hata mimi ningekosea."

"Mkunga ungemwambiaje?"

"Kwamba gari limezeeka."

"Gari lina miaka mitatu, mwanangu. Aliyezeeka ni mwingine." Alijaribu kucheka, kicheko kikakatika. "Na kama mama yule angekuwa anatoka damu? Kwenye kile kilima?"

Akafunga boliti, akaijaribu mara mbili kama imekaza, kisha akaniomba niijaribu na mimi. Alifuta mikono yake yote miwili, kidole baada ya kidole, akakikunja kitambaa na kukiweka kwenye sanduku langu la vifaa, sio lake.

Halafu akapiga simu, mbele yangu, bila kupandisha sauti.

"Mwanangu, ni mimi. Hizo ngazi zenu, zina mahali pa kushika?"