Kuogelea Juu ya Mabenchi

Kama hujawahi kuona mtu akifundisha asichokijua, na wanafunzi wakafaulu, basi ulikosa kufika shule ile siku ya somo la elimu ya viungo. Mabenchi yamesogezwa katikati ya darasa, na juu ya kila benchi amelala mwanafunzi kifudifudi. Miguu inapiga hewa, mikono inachota hewa, uso unageuzwa kushoto, vuta pumzi, unarudishwa chini, zuia. Katikati yao anapita mwalimu, filimbi shingoni, anasahihisha. "Wewe, usikunje goti hivyo! Utazama!" Azame wapi, jamani, kwenye sakafu? Lakini hakuna aliyecheka, maana lilikuwa somo la mtihani.

Wanafunzi walimwita Filimbi, na walimu wenzake nao wakamwita hivyo hivyo, tena mbele yake. Nisimsingizie, hakuwa mvivu. Uwanja wa shule ulishaliwa na madarasa mapya, kikabaki kipande cha kuegeshea gari la mkuu na tangi la maji. Afanye nini? Mkuki aliufundisha kwa rula. Kuruka umbali alifundishia ubaoni, kwa chaki na mishale. Mtaala uliposema kuogelea, akasoma kitabu, akapanga mabenchi. Yeye mwenyewe maji mengi aliyowahi kuyaingia ni ya beseni, lakini hilo hakuna aliyemuuliza, naye hakulisema.

Hodari wa mabenchi hayo alikuwa mpwa wake, binti wa dada yake, kidato cha nne A. Dada huyo alikuwa fundi cherehani, amemlea mtoto peke yake, na alichosema mdogo wake mwalimu kwake kilikuwa sheria. Mtoto naye alimpenda mjomba wake kupita kiasi. Alilala juu ya benchi kwa makini utadhani yumo majini kweli, na Filimbi alimpa alama zote bila kupunguza hata moja.

Sasa wiki moja, wakiwa kwenye chumba cha walimu, mwalimu wa hesabu akaweka kikombe chake mezani, akasema, "Bwana Filimbi, Jumamosi nawapeleka kidato cha nne A kwenye bwawa la ile hoteli ya nje ya mji, sherehe yao ya kumaliza. Wa B zamu yao Jumamosi inayofuata. Hebu niambie, watoto hawa wanajua kuogelea, au niwabane wote upande wa maji mafupi?"

"Watajulia wapi?" mwingine akadakia. "Au ubao siku hizi una mawimbi?"

Chumba kizima kikaangua kicheko. Filimbi alihisi masikio yanawaka. Miaka yote hiyo walimwita mwalimu wa kipindi cha kupumzika. Mtihani ukikaribia walichukua vipindi vyake bila hata kubisha hodi. Mtu akidharauliwa sana, siku akiulizwa swali la maana hujibu kwa hasira badala ya kujibu kwa akili.

"Wanajua," akasema. "Nimewapima mwenyewe, mmoja mmoja. Somo langu si la mchezo."

"Hata mpwa wako?"

"Yule ndiye wa kwanza wao."

"Haya, hongera. Basi twende wote, ukaone matunda ya kazi yako."

"Jumamosi nina msiba," Filimbi akajibu upesi. Msiba gani? Hakufiwa na mtu. Alijua tu kwamba akifika kando ya bwawa lile, watoto watapiga kelele, mwalimu, ingia wewe kwanza utuonyeshe.

Ijumaa jioni dada yake akapiga simu. "Mdogo wangu, huyu mtoto anataka kwenda kwenye maji. Mimi maji nayaogopa, unanijua. Nakuuliza wewe kwa sababu wewe ndiye mjuzi. Nimruhusu?"

Hapo mlango ulifunguliwa wazi kabisa. Neno moja tu, dada, asiende upande wa kina, lingetosha, na lisingemgharimu hata nauli. Filimbi akawafikiria wale wa chumba cha walimu na kicheko chao.

"Mwache aende, dada. Yuko vizuri."

"Wewe ukisema hivyo, mimi nimetulia."

Yeye hakutulia. Usiku akageuka kitandani hadi shuka likaanguka chini. Alijidanganya kwamba bwawani kuna mlinzi. Alijidanganya kwamba watoto wa siku hizi ni waoga, watakaa ukingoni wapige picha warudi nyumbani. Asubuhi aliishika simu akaiweka, akaishika tena akaiweka. Amwambie nini mwalimu wa hesabu? Akisema neno, Jumatatu watamcheka mpaka aombe uhamisho. Basi akachukua nguo zake akaanza kufua, hata zile safi. Simu ilipolia, mikono yake ilikuwa na povu hadi kwenye viwiko.

"Filimbi, njoo hospitali," sauti ya mwalimu wa hesabu ilikuwa imekauka. "Yuko hai. Nasema yuko hai, lakini njoo."

Alipanda pikipiki bila kukumbuka kufunga mlango. Njia nzima alimwomba Mungu mambo ambayo hakuwa na haki ya kuyaomba.

Mwalimu wa hesabu alimpokea ukumbini, suruali imelowa hadi kiunoni. Akamweleza kwa shida. Binti alikwenda moja kwa moja upande wa kina kirefu. "Nilitaka kumzuia, kisha nikasema aa, huyu si ndiye yule uliyemsifu? Akawaambia wenzake, niangalieni mimi kwanza. Akajitupa. Akachota mkono wa kwanza, wa pili, mkono mzuri kweli, nikaanza kupiga makofi. Nakwambia nilipiga makofi! Halafu akazama. Wenzake wakacheka, wakidhani ni mbwembwe. Nikaruka kwenye maji mafupi nimfuate, nisimfikie. Mlinzi wa bwawa ndiye aliyemtoa."

Filimbi alishika ukuta.

"Usijilaumu," mwenzake akamwambia, akimgusa bega. "Aliingiwa na woga tu. Humpata hata anayejua."

Binti alikuwa amelala, blanketi hadi kidevuni, macho mekundu. Mama yake amekaa kitandani, futi ya kupimia nguo bado inaning'inia shingoni, na alikuwa akimgombeza kwa ile sauti ya mtu aliyetoka kuogopa sana.

"Umefundishwa, ukafundishika! Mjomba wako anahangaika na wewe, kumbe ukifika kwenye maji unafanya ya kwako! Kujifanya hodari! Ungekufa, mimi ningebaki na nani?" Alipomwona Filimbi akainuka. "Mdogo wangu, utusamehe. Mtoto amekuaibisha mbele ya shule nzima."

"Nisamehe, mjomba," binti akasema. Sauti ilikuwa inakwaruza, kila neno linamuumiza. "Nilikosea kwenye pumzi. Ulisema kushoto, nikageuka kushoto, lakini kulikuwa na maji. Nikapiga miguu kama ulivyosema. Nimewaza tangu nilipoamka, na bado sijui nilikosea hatua gani. Nikipona nitafanya mazoezi zaidi."

Mnaona mambo hayo? Njia ya kutokea ilikuwa nyeupe. Mwenzake amemtetea, dada yake amemwomba radhi, na mtoto amejihukumu mwenyewe. Kilichobaki ni Filimbi kutikisa kichwa na kusema, usijali mwanangu, siku nyingine uwe mwangalifu. Na nusura aseme! Kichwa kilishaanza kuinama. Lakini akayatazama yale macho mekundu yanayotafuta kosa ambalo halikuwepo, na aibu ikamkaba kuliko aibu yoyote aliyowahi kuikimbia.

"Hukukosea," akasema. "Ulifanya vile vile nilivyokufundisha. Kosa ni langu. Mimi sijui kuogelea. Sijawahi kuingia kwenye maji yanayozidi goti, maisha yangu yote."

Dada yake alimtazama kama mtu anayesikia lugha ya kigeni. "Hujui?"

"Sijui, dada."

"Nilikuuliza. Nilikupigia simu nikakuuliza."

"Uliniuliza."

"Ukasema mwache aende."

"Nilisema."

Angemtukana ingekuwa nafuu. Alinyoosha blanketi lililokuwa limenyooka, akalinyoosha tena. "Sina la kukwambia, mtoto wa mama yangu," akasema mwishoni, na hakumtazama tena siku ile.

Filimbi alisimama pale, hajui aondoke au akae. Binti ndiye aliyemwita, kwa ile sauti iliyochubuka.

"Mjomba. Wa B wanakwenda Jumamosi. Wamesema watatuonyesha kwamba wao ni hodari kuliko sisi."

Jumatatu mwalimu wa hesabu alimsubiri mlangoni, akamvuta kando. Alikuwa ameshaambiwa yote, na hakucheka. "Sikiliza, ndugu yangu. Nimezungumza na mkuu, safari imefutwa. Tutawaambia wanafunzi bwawa linakarabatiwa. Yamekwisha. Huna haja ya kujivua nguo mbele ya watoto."

"Safari mmeifuta," Filimbi akasema. "Na mto wanaouvuka kurudi nyumbani je, mtaufuta?"

Akaingia kidato cha nne B. Chumba kilikuwa na harufu ya chaki na ya watoto waliotoka kukimbizana. Walisimama wakamwamkia kwa pamoja, shikamoo mwalimu, naye akaitikia marahaba kwa sauti ambayo haikuwa yake. Akawaambia wakae. Alikuwa amepanga la kusema, usiku kucha alilipanga, sasa likamtoroka lote. Akauliza tu.

"Anayejua kuogelea, anyooshe mkono."

Mikono ikapanda darasa zima, kutoka mbele hadi nyuma, bila kusita, mingine inatikisika kwa hamu ya kuchaguliwa. Hakuna hata mmoja aliyebaki ameweka mkono wake mezani. Filimbi aliitazama, akatazama nyuso zilizokuwa chini yake, zote zinamwamini.

"Shusheni," akasema. "Hamjui. Hamjui hata mmoja wenu, na mimi sijui."

Hawakushusha. Walidhani anawapima, na walikuwa wamejiandaa vizuri. Ikabidi aanze kuwaeleza hivyo hivyo, mikono yote ikiwa bado juu.