Mstari wa Kichupa

Jumanne, saa tatu na dakika kumi asubuhi, mvua ya rasharasha. Chumba cha kusubiri cha kliniki ya meno kilinuka dawa ya sakafu na makoti mabichi. Karibu na mlango alikaa mama mmoja na binti yake wa miaka tisa, mwenye sindromu ya Down, ambaye kila mtu humwita Mheshimiwa kwa sababu hupenda kutoa amri.

Ilikuwa mara ya tatu kuja kwa jambo lile lile: mate. Fizi za Mheshimiwa zilikuwa zikitoka damu tangu mwaka uliopita, na meno mawili ya mbele, ya chini, ya ukubwani, yalikuwa yakicheza. Kabla ya kupanga matibabu, daktari alitaka kujua kinywa chake kinatoa mate kiasi gani. Mtoto alipaswa kuinama na kuyaacha yadondoke kwenye kichupa kwa dakika tano. Mara mbili kichupa kilibaki kitupu. Wakishindwa leo, nafasi nyingine ni baada ya miezi mitatu, na mama hakuamini kwamba meno yale yangesubiri.

Muuguzi alikuja na kichupa na saa.

"Haya, Mheshimiwa, tema hapa."

Mheshimiwa alifunga mdomo, akameza.

"Nimemeza!" alitangaza kwa fahari.

"Anafanya makusudi," alisema muuguzi.

"Hapana, dada. Ananitii mimi."

Ndivyo ilivyokuwa. Shuleni wenzake walimwita Bomba kwa sababu ya mate yaliyomwagika kifuani. Kwa miaka minne mama alimfundisha: funga mdomo, meza. Kila siku kavu ililipwa nyota ya karatasi kwenye mlango wa kabati. Kabati lilikuwa limejaa nyota.

"Mwanangu, leo tu. Tema."

"Kutema ni tabia mbaya."

"Leo ni ruhusa."

"Nani katoa?"

"Mimi, mama yako!"

"Mama kasema meza."

"Mama huyo huyo sasa anasema tema!"

Mzee aliyekuwa akisubiri zamu yake alitikisa kichwa. "Huyu akisomea sheria, tumekwisha." Alicheka peke yake.

Mama hakucheka. Alichukua kichupa kingine mezani, akapiga magoti mbele ya watu wote, akainama, akayaachia mate yake yashuke kama uzi.

"Mama! Aibu!" Mheshimiwa alichomoa kitambaa, akamfuta mama kidevu. Kisha akakitazama kichupa cha mama kwa dharau. "Wewe hujui. Lete changu."

Akainama. Muuguzi akabonyeza saa.

Dakika tano zilipoisha, muuguzi alikiinua kichupa kwenye mwanga. "Hayajafika mstari. Itabidi mrudi siku nyingine."

"Siku ipi?" Sauti ya mama ilipasuka. "Mara tatu nimeomba ruhusa kazini. Nimetema mate mbele za watu. Mstari gani tena?"

Daktari alitoka na glavu mkononi. "Nani kasema lazima yafike mstari?"

"Si umechorwa, daktari?" alisema muuguzi.

"Umechorwa wa kusomea, si wa kujazia. Uchache huu ndio jibu. Kinywa chake ni kikavu."

"Kikavu?" mama aliuliza. "Mtoto aliyelowesha kila gauni lake?"

"Yalimwagika kwa sababu midomo ilikuwa wazi na ulimi ukiyasukuma nje, si kwa sababu yalikuwa mengi. Mate yakiwa machache, uchafu hubaki kwenye fizi." Akafungua faili, akasoma. "Hapa imeandikwa mara mbili: 'Mtoto hakutoa ushirikiano.' Mbona sikuitwa?"

Muuguzi alipokea faili. Daktari aligusa meno yale mawili kwa kidole, moja baada ya jingine.

"Hili tutalitibu. Hili jingine, mama, limechelewa."

Mama hakuuliza limecheleweshwa na nani. Alianza kuhesabu, na jina la kwanza lilikuwa lake.

Muuguzi aliandika kipimo kwenye faili na kukata mstari juu ya sentensi zile mbili. Daktari aling'oa jino moja na kusafisha yaliyobaki. Mzee aliitwa chumba cha pili na hakutania tena. Mama alinunua mswaki laini na chupa ya maji ya kubebea shuleni, akarudi kazini saa sita na nusu. Mheshimiwa aliuma pamba, akafunga mdomo kama alivyofundishwa, na nusu saa baadaye, ulipofika wakati wa kuitema, aliambiwa mara nne.