Kadi za Celina

Mwaka ule kadi za kompyuta, zile za kutobolewa matundu, zilikuwa adimu kama sabuni, na mimi Eliasi ndiye niliyekuwa mkuu wa chumba cha mashine. Celina, aliyeandika programu ya kugawa vipuri vya mabasi, aliweka kadi ya maelezo kila penye hatua ngumu.

"Mashine haizisomi hizi!" nilimfokea mbele ya wenzake. "Unamwandikia nani, ndugu?"

Nikazichomoa zote kwa mkono wangu, nikazitupa jalalani.

Celina akahamishiwa Dodoma. Baada ya miezi miwili programu ikagoma. Siku tatu niliyakodolea macho matundu ya kadi zilizobaki, siambulii kitu, na mabasi yamelala karakana ya Gerezani yakingoja vipuri.

Siku ya nne nikanunua karanga Kariakoo. Muuzaji alinifungia kwenye kadi iliyoviringwa, yenye maandishi. Nikazimwaga karanga, nikasoma:

HAPA NDIPO NDUGU ELIASI ATAKAPOKWAMA. SABABU IKO KADI INAYOFUATA.

"Nyingine ziko wapi?"

"Nimefungia wateja tangu asubuhi," akasema, akinionyesha soko zima.

Nikapiga magoti na Kaunda suti yangu, nikaanza kuokota kadi zilizotupwa, moja moja.