Sindano Iliyomsusa Mzee Mureed

“Hivi, fundi, hiyo sindano yako ina masikio mangapi?”

Ndivyo alivyouliza Mai Bakhtawar, jirani wa ukuta mmoja, aliyekuja kuchukua redio yake. Fundi Khuda Bakhsh alicheka, akainamia waya aliokuwa akiuchomelea. Kicheko hakikufika mbali.

“Maana mimi na goti langu hili bovu,” Mai akaendelea, “Mzee Mureed akiadhini alfajiri naamka. Mbuzi wanaamka. Mpaka mume wa Nasim, jirani yetu, anaamka, na huyo hata kiyama kitamkuta usingizini. Sindano yako peke yake ndiyo imelala. Au inataka chai kwanza?”

Alichukua redio yake, akaenda zake.

Msikiti wa mtaa wao, pale Multan, ulikuwa umenunua amplifaya mpya, kazi ya mikono ya Khuda Bakhsh. Mbele ya amplifaya palikuwa na kioo, na nyuma ya kioo sindano iliyopanda na kushuka kwa kufuata sauti. Zamani watu walijua adhana imeadhiniwa kwa kuisikia. Sasa maendeleo yamefika: mtu anatazama.

Haji Rab Nawaz, muuza samli na mwenyekiti wa kamati, aliipenda ile sindano kuliko wajukuu zake. Alijiwekea kiti mbele yake kabisa. Mzee Mureed, mwadhini wa miaka thelathini na moja, alipoadhini, sindano ilishtuka kidogo, ikarudi kulala. Basi, ikathibitika kuwa mzee hana sauti. Siku ya pili nafasi akapewa Waqas, mpwa wa Haji. Waqas aliibana maikrofoni midomoni kama mtu anayenyonya embe, na sindano ikaruka hadi penye rangi nyekundu, ikakaa huko huko.

“Mashallah!” alisema Haji. “Hiyo ndiyo sauti!”

Huko juu ya mnara vipaza sauti vilikuwa vikikwaruza kama sufuria inayokwanguliwa ukoko, lakini nani alikuwa na nafasi ya kusikiliza?

Kamati ni watu wa haki, haikumfukuza mzee siku ile ile. Ilimpa mpaka Ijumaa ya tatu. Sindano ikipanda, atabaki. Isipopanda, atamwachia Waqas kazi, pamoja na kile chumba cha nyuma ya msikiti alimolala tangu afiwe na mkewe.

Sasa, lililomkaba fundi ni kwamba alijua. Sauti ndani ya waya huenda na kurudi, na sindano ikipewa hivyo hivyo hutetemeka tu mahali pamoja. Lazima kwanza sauti igeuzwe iende upande mmoja, na kazi hiyo ni ya daiodi. Lakini daiodi ni kama karani wa ofisi ya ardhi: hapitishi kitu mpaka amege chake. Sauti kubwa humegwa na kupita, wala haioni pengo. Sauti ya mzee aliyefundishwa adabu, anayesimama mkono mzima kutoka kwenye maikrofoni, humezwa yote pale mlangoni. Dawa yake ipo, na Khuda Bakhsh aliijua kama Alhamdu: daiodi inafungwa pamoja na kichipu cha kukuza, na kichipu kinafidia kile inachomega, kwa mkubwa na kwa mdogo. Ila ni kazi ya siku nne, na nani atatazama chini ya kioo? Watu hutazama penye nyekundu. Akatia daiodi tupu, kisha akaandika jina lake pale mbele kwa rangi ya dhahabu. Jina lilimchukua muda mrefu kuliko saketi.

Mzee Mureed alikuwa rafiki yake. Kila jioni alikuja dukani kunywa chai.

“Fundi, mwanangu, jana ilipanda?”

“Nilikuwa nyuma, mzee. Sikuona.”

“Nimemeza mayai mabichi sita tangu Jumatatu. Kidogo tu nitaanza kuwika.” Sauti ilikuwa imeanza kupasuka.

“Lipumzishe koo, mzee wangu.”

“Nilipumzishe, halafu nikalale wapi?”

Fundi alikoroga chai iliyokwisha kukorogwa. Usiku ule alimwomba Mungu amsaidie mzee. Kumsaidia mwenyewe kungekuwa kujitanguliza mbele ya Mola wake, na jina la dhahabu lingeharibika.

Lakini baada ya lile swali la Mai Bakhtawar hakupata usingizi. Akaanza saketi mpya. Kapasita ya kwanza, ile ya kuituliza sindano, ilikuwa kubwa mno, sindano ikapanda kama bibi harusi anayebembelezwa. Akatia ndogo, ikapepea kama mkia wa mbuzi. Siku ya nne akapata ya katikati. Alirudi nyuma ya maikrofoni hatua mbili, akanong’ona bismillahi, na sindano ikanyanyuka.

Alhamisi aliwaambia wanakamati anakwenda kuifuta mashine vumbi. Akabadilisha saketi, hakuna aliyemwona.

Ijumaa ile ya tatu, wakati wa alasiri, mzee aliadhini kwa koo lililobaki. Sindano ikapanda, ikacheza vizuri chini kidogo ya nyekundu. Waqas akakimu swala, nayo ikagonga mwisho wa kioo ikaganda.

Baada ya swala Haji alisimama mbele ya mashine.

“Wiki nzima sifuri, leo hapa? Sindano haidanganyi, watu ndio wanaodanganya. Nani analala nyuma ya msikiti? Nani ana ufunguo wa chumba hiki cha mashine?”

Wote wakamgeukia Mzee Mureed.

“Haji, mimi hata taa ya kwangu nawashiwa na watoto,” mzee alisema. “Nitagusa mashine?”

“Basi ni majini!” Waqas akacheka.

Khuda Bakhsh alijipenyeza hadi mbele ya mashine.

“Ni mimi,” alisema. “Nimeibadilisha jana. Ile ya kwanza niliitengeneza vibaya. Ilikuwa haimsikii.”

“Astaghfirullah!” Haji alipaza sauti, na papo hapo akageuka mtu wa haki. “Mimi siku zote nilisema huyu mzee ana sauti! Tuliahidi ikipanda atabaki. Mzee, chumba ni chako, kazi ni yako.”

Mzee hakumtazama Haji.

“Fundi,” aliuliza kwa ile sauti iliyopasuka, “ulijua lini?”

“Siku ile ile niliyoifunga.”

“Na chai yote ile tuliyokunywa.”

“Nisamehe, mzee wangu. Lakini umeshinda, si umesikia?”

Mzee Mureed aliokota viatu vyake mlangoni, akavivaa taratibu, kimoja, halafu kingine. Akatoka, akalipita duka la fundi bila kugeuza shingo.