Vikuku vya Zamda

Siku Zamda alipoolewa, mama yake aliviinua vile vikuku viwili juu ya kichwa, akavigonganisha mbele ya wanawake wote wa mtaa, akasema kwa sauti ya kusikika ng'ambo ya mto Naura, "Fedha tupu! Tola arobaini! Nani hapa ameolewa kwa tola arobaini?"

Tola ndiyo kipimo cha wafua fedha. Mimi niliolewa kwa kanga mbili na mbuzi aliyekuwa akikohoa, kwa hiyo niliendelea kula wali.

Miaka ile ya Wadachi mji wa Arusha ulikuwa boma jeupe, maduka machache ya Wahindi, na sisi, watu tuliopanda na misafara kutoka Pangani na Tanga, tukajenga vibanda vyetu chini ya mlima na kujiona watu wa mjini kweli kweli. Bi Mwanahalima alikuwa jirani yangu, mjane, akikaanga vitumbua sokoni. Alikuwa na mtoto mmoja tu, Zamda, na ulimi mmoja uliofanya kazi ya ndimi tatu. Basi Athumani, ombasha wa boma, askari mwenye cheo, bunduki na viatu, alipokuja kumposa yule mtoto, mama hakuuliza mengi. Hata mimi nisingeuliza.

Aliyetaka kuuliza ni Fundi Msafiri, mfua fedha wetu. Vikuku vilipopitishwa mlangoni alikipokea kimoja, akakipimapima kiganjani, akasema kwa upole, "Nivijaribu kidogo, bibi? Ni mara moja tu."

Mwanahalima akamnyang'anya. Kwetu mahari haipandishwi kwenye mizani mbele ya wageni. Ukiipima umemwita bwana harusi mwizi, na ndoa inaweza kuvunjika hapo hapo wali ukiwa bado motoni. "Unataka kumpima mkwe wangu?" akafoka, na watu wakamcheka fundi wa watu. Kisha Mwalimu aliyekuwa akifungisha ndoa akauliza kama mahari imepokelewa. Mwanahalima akajibu kutoka ndani, mashahidi wote wakisikia, "Nimepokea fedha tupu, tola arobaini. Nimeridhika."

Maneno hayo yalimtoka kwa raha. Nilikuwa nimekaa pembeni yake, niliiona.

Sitasimulia yote aliyofanyiwa Zamda katika nyumba ile. Nikisimulia nitakasirika, na nikikasirika sisemi vizuri. Niseme la mkono tu. Athumani alimvunja mkono wa kushoto kwa mchi wa kinu, kwa sababu uji ulikuwa umepoa. Kikuku tulikitoa kwa mafuta, mimi nimeushika mkono, mama yake akivuta, mtoto akiuma kanga asipige kelele. Mkono ukapona ukiwa umepinda, na kikuku hakikupita tena.

Mara mbili alimkimbia. Mara ya kwanza alikuja kwa mama yake, na mumewe akamrudisha siku hiyo hiyo. Mara ya pili alipanda hadi Olasiti kwa Nasieku, mama wa Kiarusha aliyekuwa akituletea maziwa. Athumani akaenda na askari wenzake wawili, akamchukua mkewe na mbuzi wote wa Nasieku juu yake, eti faini. Ungetegemea Nasieku asitukanyagie tena mlangoni. Alirudi na kibuyu chake kama kawaida, wala hakuwataja mbuzi. Mimi ningewataja kila asubuhi.

Mwishowe Mwanahalima akaenda kwa Mwalimu kumwombea mwanawe khului, yaani mke arudishe mahari na mume atoe talaka. Mwalimu akamwita Athumani. Sote tulidhani atakataa kwa matusi. Hakukataa. Alikaa kwa adabu, kofia magotini, akasema, "Sina neno. Arudishe mahari yangu aende zake. Ila mimi sivai vikuku, Mwalimu. Viuzwe, nipewe rupia arobaini mkononi. Ijumaa."

Mwalimu akaona ni haki. Akasema Zamda akae kwa mama yake mpaka Ijumaa; rupia zikifika siku hiyo talaka itaandikwa pale pale, zisipofika Zamda atarudi kwa mumewe na maneno hayo hayatasikilizwa tena. Athumani akaitikia kwa kichwa. Alikuwa anatabasamu, na sisi wajinga tulidhani ni tabasamu la mtu aliyechoka na ndoa.

Njia nzima Mwanahalima alikuwa akicheka. Hakwenda hata nyumbani. Vikuku alikuwa navyo upindoni mwa kanga, akanivuta mkono, tukaenda kwa Fundi Msafiri.

Kama hujawahi kukaa mbele ya mfua fedha, nikueleze. Rupia ya Mdachi ina uzito wa tola moja, kwa hiyo fundi hana haja ya mawe ya mizani. Anaweka chombo chako upande mmoja, upande wa pili anatia rupia moja moja. Fundi Msafiri alianza kutia rupia zake kutoka kwenye kopo. Ilipofika ya ishirini, mizani ikasimama sawa. Akatoa kikuku cha kwanza, akaweka cha pili. Ikasimama sawa tena.

Mwanahalima akanifinya paja nikataka kulia. "Arobaini!" akasema. "Nilisema mimi!"

"Kazi ya mkono silipii, bibi," fundi akasema. "Nalipia fedha yenyewe, na nitapunguza kidogo cha kuyeyushia. Thelathini na sita."

"Nne ninazo za vitumbua. Lete."

Hapo Zamda alikuwa huru. Nataka uelewe hivyo, kwa sababu sisi tulielewa hivyo. Nilishaanza kufikiria tutamwekea kitanda upande gani wa chumba cha mama yake.

Lakini fundi hakulifungua sanduku lake. Alikuwa akikigeuza kikuku kimoja kidoleni. Akakisugua kwenye jiwe lake jeusi, mstari ukatoka mweupe, safi. Akakigonga kwa ukucha, akasikiliza. "Ni kinene kidogo kwa uzito huu," akasema. "Jiwe linaonyesha ngozi tu. Mimi siwezi kununua ngozi. Itabidi nikikate."

"Si ukate!"

"Nikishakata hakirudi kuwa kikuku. Bibi, ukitaka vichukue kama vilivyo. Nenda ukambembeleze mkweo avipokee hivi hivi."

Ukweli ni kwamba alimpa njia. Alikuwa amemwonea huruma, na angeweza kumkumbusha siku ya harusi wala hakumkumbusha. Lakini Mwanahalima alikuwa ameshavitangaza vikuku vile mtaa mzima, sokoni, kisimani, hata kwa wateja wa vitumbua wasiojua Kiswahili. Kuvirudisha bila kukatwa ingekuwa kukubali kwamba ameogopa. "Kata," akasema. "Mbele yangu."

Fundi akakibana, akakata kwa msumeno mdogo. Ikamwagika chenga nyeupe kidogo, halafu chenga nyekundu. Aliendelea mpaka kikaachana, akatuonyesha. Ndani kilikuwa chekundu kama sarafu mpya ya hela. Shaba, iliyovishwa fedha nyembamba kama ganda la kitunguu.

"Na kingine," Mwanahalima akasema.

Kingine kilikuwa hivyo hivyo.

"Nikiibandua fedha yote hii," fundi akasema polepole, "haifiki rupia moja." Akatusogezea vipande vinne kwa vidole viwili, bila kutuangalia.

Nilidhani Mwanahalima ataanguka. Hakuanguka, na kumbe nilikuwa simjui bado. Alipofika njiani macho yalikuwa yanamwaka. "Basi hakutoa mahari!" akaniambia. "Amenidanganya mbele ya Mungu! Ni yeye anayedaiwa, si mimi!" Nikaona kweli. Mpaka Ijumaa tukatembea tukiwa tumeinua vichwa, wajinga wawili.

Ijumaa alivifungua vile vipande kwenye mkeka wa Mwalimu. Fundi Msafiri alikuja kushuhudia, na mimi nilikaa mlangoni. Athumani aliokota kipande, akakitazama kwenye mwanga, akakirudisha taratibu.

"Hivi si vyangu," akasema.

Akatutazama mmoja mmoja.

"Mimi nilitoa fedha tupu, tola arobaini. Sikusema mimi, alisema mama mkwe mwenyewe, na nyie wote mlisikia. Kama sasa ni shaba, vyangu viko wapi? Ameviuza? Au fundi ndiye aliyebadilisha?" Akamgeukia Fundi Msafiri. "Tukalizungumze hilo bomani, fundi? Bwana Mkubwa anapenda sana kesi za wizi."

Bomani maana yake hamsa ishirini, viboko ishirini na vitano, na Fundi Msafiri alikuwa mtu mzima mwenye mgongo mwembamba. Akainamisha kichwa. "Mimi nimesema nilichokiona ndani," akasema kwa sauti ndogo. "Vimetoka wapi, sijui." Simlaumu. Nilimlaumu siku ile, sasa simlaumu.

Mwalimu alikuwa amekunja uso. Nadhani alijua. Sote tulijua, hata mkeka ulijua. Lakini akamwuliza Mwanahalima, "Bibi, siku ya ndoa ulisema nini?"

Ulimi ule wote, jamani. Ulikuwa umeng'oka. Akasema tu, "Nilisema nimeridhika."

"Ulivipima?"

"Sikuvipima."

"Kuna aliyetaka kuvipima?"

Akamtazama Fundi Msafiri. "Nilimkataza."

Mtaa tulichanga tulichokuwa nacho, nami nilimwaga mbele ya Athumani kanga iliyojaa hela na rupia chache. Alizisukuma kwa ncha ya kiatu. "Arobaini," akasema. Mwanahalima akaomba mwezi mmoja. Athumani akasema hapana, anasafiri na Bwana Mkubwa, anataka mke wa kumpikia njiani. Kesho asubuhi angekuja kumchukua. Nilimchukia mtu yule kiasi kwamba nilihisi ladha yake mdomoni.

Asubuhi ilikuwa baridi, mlima umefunikwa na ukungu hadi miguuni. Zamda alikuwa ndani akifunga nguo zake. Mwanahalima alikaa kizingitini, vipande vinne miguuni pake. Hakuwa amewasha jiko la vitumbua.

Nasieku akaja na kibuyu chake. Akatusalimu, akaviona vipande, akachuchumaa. Kwao shaba ni pambo, wanawake wanaizungusha mikononi na masikioni. Akakiokota kimoja, akakisugua mahali pekundu kwa kidole gumba.

"Hii nzuri, mama Zamda," akasema. "Unauza?"

"Chukua."

"Bure hapana." Akaviweka vyote vinne kwenye mfuko wake wa ngozi, akakitua kibuyu kilichojaa mbele ya Mwanahalima. "Hutoi hela. Tumelipana."

Sidhani alielewa amenunua nini. Mwanahalima alielewa: ilikuwa mahari yote ya mwanawe. Akakitazama kile kibuyu, akainuka, akaleta bakuli kubwa, akamwaga maziwa yote mpaka tone la mwisho. Akamwita mwanawe.

"Kunywa," akamwambia. "Yote. Usimwachie mtu."

Zamda akapokea kwa mkono mzima, ule uliopinda ukishikilia chini. Alikuwa bado anakunywa tuliposikia viatu. Athumani akasimama mlangoni, akaegemea mwimo kama mtu wa nyumbani.

"Shikamoo, mama. Hata mimi nina kiu. Nibakizieni."

Zamda alimtazama juu ya bakuli, akanywa. Hakuharakisha. Alipomaliza aliligeuza bakuli juu chini kwenye mkeka, akafuta midomo kwa upindo wa kanga.

"Yamekwisha," akasema.

Athumani akacheka, akamshika mkono ule wa kushoto, wakaondoka. Mzigo aliubeba Zamda.

Mwanahalima hakulia mpaka walipolipita duka la Mhindi na ukungu ukawafunika. Alilia kidogo tu. Kisha akaliinua bakuli, akaliangalia ndani.

"Wewe ndiye unayenunua maziwa kila siku," akaniambia. "Kibuyu kama kile ni hela ngapi?"

Nilikuwa najua bei yake vizuri sana. Nikamwambia sijui.