Taa ya Paraskevas

Kijijini kwetu droni yangu ya kupigia picha haipendwi. Nikiitoa tu mkobani, wanaume walioko mkahawani wananyamaza, na aliyejenga bwawa la kuogelea bila kibali anakumbuka ghafla kwamba ana shughuli nyumbani. Mara ngapi nimewaapia kwamba sijatumwa na watu wa kodi? Wananiitikia vizuri, kisha wanakwenda kufunika mabwawa yao kwa maturubai.

Jioni ile ya Novemba nilikuwa nimetumwa na chama cha kijiji. Walitaka picha ya kijiji kizima kwa ajili ya kalenda, jua likiwa limeshazama, anga ikiwa na buluu bado, na taa zimewaka madirishani. Muda huo ni mfupi, robo saa hivi. Nikairusha droni juu ya uwanja wa kanisa, nikaituliza hewani, nikapiga picha tatu za mahali palepale: ya kwanza na ya pili nyeusi kidogo, ya tatu yenye nuru nyingi. Nyumbani nikaziunganisha kwenye kompyuta zikawa moja.

Picha za mwanga hafifu kazi yake kubwa ni kusafisha. Kamera ikikosa mwanga huota vidoa vyekundu na vya kijani, kama upele, hasa penye giza. Mlima wa nyuma ya kanisa ulikuwa umejaa hivyo. Nikapitisha brashi, vikaondoka vyote. Na chochote kilichosogea kati ya picha moja na nyingine, programu inakifuta yenyewe. Nikaiweka picha kwenye ukurasa wa kijiji, nikala dengu zangu, nikalala.

Sikujua kwamba kule Melbourne, Zafiria binti Paraskevas alikuwa ameamka na kuikuza picha yangu mpaka akafika mlimani, kwenye makaburi.

Marehemu Paraskevas alikuwa hajafikisha siku arobaini tangu afe. Kwetu taa ya mafuta juu ya kaburi, ndani ya kioo chekundu, haiachwi izimike mpaka siku hizo zitimie, maana roho bado inazunguka na inataka kuona njia. Mjane wake, Bi Ralou, alikuwa akipanda kila alasiri kuijaza kwa mkono wake. Binti akampigia simu: mama, baba yuko gizani.

Bi Ralou hakuuliza ni nani aliyeizima taa. Alikuwa na wifi yake, Evanthia, dada wa marehemu. Siku ya mazishi, udongo haujakauka, wawili hao waligombania shamba la mizeituni la juu, ambalo Evanthia anasema ni urithi wake kutoka kwa baba yake, na mwaka huu alilivuna peke yake bila kumwambia mtu. Tangu siku hiyo hawasemezani. Mtu mmoja alithubutu kumkumbusha Bi Ralou kwamba kila alasiri huikuta taa inawaka. Akajibu kwamba huo ndio ujanja wenyewe: Evanthia anaizima jioni na kuiwasha alfajiri, asijulikane.

Kufikia mchana kila mtu alikuwa na ushahidi wake. Mwokaji mikate alimwona Evanthia akielekea makaburini na kichupa mfukoni. Mwenye mkahawa, ambaye hakumwona, alijua kwamba kichupa kile kilikuwa na maji. Mama yangu mzazi, rafiki wa Evanthia wa miaka hamsini, akaacha kumpelekea mayai. Na Bi Ralou akatangaza kwamba Jumapili, siku ya arobaini, Evanthia akikanyaga kanisani, yeye ataipindua mbele ya padri sinia ya ngano ya kuchemsha, ile inayoliwa kumwombea marehemu.

Ijumaa Evanthia akaja kwangu. Ana miaka sabini, na alikuwa amevaa koti kubwa la kiume. Nikamkaribisha kahawa, akakataa, akabaki mlangoni.

"Stratis, picha yako imesema mimi nimezima taa?"

"Picha haijasema kitu, shangazi. Wamesema watu."

"Basi iulize vizuri. Nilikuwa na ndugu mmoja tu. Nisipoila ngano yake Jumapili, nitakuwa nimemzika nusu."

Akaondoka. Nami, nisiseme uongo, nilimshuku. Nilifungua zile picha tatu za mwanzo nikitafuta jinsi ya kumkamata.

Vidoa vilikuwepo kwa mamia. Lakini vidoa vya kamera havitulii, katika kila picha vinakaa mahali pengine. Kimoja chekundu, juu kabisa mlimani, kilikuwa palepale katika picha zote tatu. Hakikuwa kidoa. Ilikuwa taa ya Paraskevas, inawaka vizuri, na aliyeizima ni mimi na brashi yangu.

Nilizikagua tena zote tatu. Kisha nikaongeza nuru kwenye ile picha ya tatu, nikaona kitu kibaya zaidi: kando ya taa mtu ameinama, amevaa koti la kiume. Katika picha mbili za kwanza hayupo. Programu ilikuwa imemfuta kwa sababu alisogea. Basi picha inayoonyesha taa inawaka ndiyo hiyohiyo inayomweka Evanthia kaburini kwa siri, kama walivyosema. Nikiificha, anafungiwa mlango wa kanisa. Nikiionyesha, huenda nimemkabidhi kwa maadui zake.

Usiku mzima niligeukageuka. Jumamosi alasiri nikabeba kompyuta kwenda kwa Bi Ralou. Alikuwa anakausha ngano ya kuchemsha juu ya shuka jeupe. Nikamweleza kila kitu kuhusu brashi. Hakunitukana, na hilo liliniuma zaidi.

"Yaani umezima taa ya maiti ili picha ipendeze."

"Ndiyo, mama."

Akainama kwenye kioo cha kompyuta, akakitazama kile kidoa chekundu muda mrefu. Kisha kidole chake kikasogea kando.

"Na huyu?"

Nikaikuza picha.

"Hilo koti ni la Paraskevas. Nimelitafuta mwezi mzima. Kumbe na koti kaiba." Akachukua mtandio wake. "Twende. Saa yake ndiyo hii."

Tulipanda mlima, mimi nikijuta kila hatua. Jua lilikuwa limezama. Evanthia alikuwepo, amepiga magoti, kichupa mkononi. Alipotuona alisimama, lakini hakukimbia.

Bi Ralou hakumsalimu. Alikifungua kile kioo chekundu, akachovya kidole kwenye mafuta, akakilamba. Huku kwetu mtu anajua mafuta ya shamba lake kama anavyojua sauti ya mwanawe. Nilimwona anameza, na ule uchungu wa mafuta mapya ukamkohoza.

"Ya shamba la juu," alisema.

Evanthia alikifunika kichupa chake.

Bi Ralou akasema polepole, bila kunitazama, "Mimi huweka ya alizeti. Ya dukani. Nilijiambia maiti hajui tofauti."

"Ya alizeti inazimika kabla ya saa mbili usiku," alisema Evanthia. "Niliiona siku ya tatu. Tangu hapo ukishuka wewe, napanda mimi."

"Ukanyamaza. Kijiji kizima kinakutukana, ukanyamaza."

"Ningesema nini? Kwamba mke wa ndugu yangu anambania mafuta? Ungesema nimekuja kukuaibisha."

"Ningesema," alikubali Bi Ralou.

Alikifunga kioo. Mwali ulitikisika kidogo, kisha ukasimama. Nilidhani sasa watakumbatiana, kumbe siwajui wanawake wa kwetu.

"Kesho uje alfajiri," alisema Bi Ralou. "Ngano ni nyingi, peke yangu siiwezi. Na hilo koti utalirudisha."

"Koti silirudishi."

Bi Ralou alimtazama kutoka juu mpaka chini, mikono ya koti ikiwa imefunika vidole vya wifi yake.

"Basi lifunge vifungo," alisema. "Kuna baridi."