Masega ya Gari la Ghalib

La, halikufa hata siku moja, waongo hao. Gari la Ghalib lilikuwa likikosa pumzi tu. Linawaka vizuri, linanguruma, ukilikanyagia mafuta linajikaza, linajikaza, halafu haliendi, kama mtu uliyemziba pua na mdomo ukamwambia haya, kimbia. Kwenye kile kimlima cha mchanga cha kutokea bandarini Kismayo, wanawake wa samaki walishuka na beseni zao wakalisukuma, na dereva mmoja wa lori akatoa kichwa dirishani kuuliza kama yule Mbajuni anangoja atwekewe tanga. Watu walicheka. Ghalib alicheka nao, huku anatazama chini.

Maana kesho yake dadake Mwanapili alikuwa anashuka uwanja wa ndege. Tangu vita vile vya tisini na moja hawajaonana. Ghalib, kijana wakati ule, ndiye aliyemtoa kisiwani Kudhaa kwa mashua ya mashine akamvusha mpaka upande wa Kenya, na alipomshusha majini, nguo zimemrowa hadi kifuani, alimwambia: "Siku ukirudi ntakupokea mimi. Hupokewi na mchu mwengine." Mwanapili akaenda kambini, kisha Mombasa, akazeekea huko. Na maneno yale akayashika. Kila akipiga simu anamuuliza, je, hilo gari lako lipo? Lipo, dada, lipo.

Sasa lipo kwa Adnan, limelala kwenye mawe.

Adnan ndiye fundi, Mbajuni mwenzao, kazi kajifunza Mombasa. Aliingia chini ya gari akatoka na lile kopo la chuma linalokaa kwenye bomba la moshi. Mafundi wa huku wanaliita masega, kwa sababu ndani lina vitundu vidogo vidogo kama sega la nyuki; moshi unaingia mkali, unatoka umepoa ukali wake. Hilo la Ghalib Adnan alilielekeza juani akachungulia. Hakuona jua. Alimpa na Ghalib achungulie. Giza tupu, kama kisima usiku.

Adnan akasema asijisumbue, atie bomba tupu, achomelee, nusu ya magari ya mji yanatembea hivyo. Ghalib akakataa. Kwanza, Mwanapili ana pumu. Kwenye simu anakata neno katikati apumue, umpakie kwenye gari la moshi mkali umuue? Pili, magari hayo ya bomba tupu hupiga mripuko ghafla, na njia ya uwanja wa ndege ina kizuizi cha askari. Upige mripuko mbele ya watu wenye bunduki, halafu uanze kuwaeleza habari za masega?

"Basi nenda kwa Hanan," Adnan akamwambia. "Lakini chagua vizuri, kaka. Likiwa bovu, gari ni hili hili."

Hanan ni msichana wa Kisomali, anauza vipuri dukani kwa marehemu babake, na Kiswahili anakijua kwa kukaa na Wabajuni. Alimwekea makopo mawili juu ya meza. Moja jipya, limetoka Dubai, linang'aa kama birika la arusi. La pili limetolewa kwenye gari la aina ile ile ya Ghalib, kuukuu, kutu imelipaka rangi ya hina. Mkono wa Ghalib ukaenda wenyewe kwa lile linalong'aa. Nani asingelishika? Likawa jepesi. Akalitikisa kidogo, likanyamaza. Akalishika la kutu, zito kama nanga. Akatoa mshipi mfukoni, ule uzi wa kuvulia, ameupiga mafundo nyumbani kwa kupimia kopo lake, akapima midomo na matundu ya skrubu. Yote mawili yanaingia. Sasa utajuaje?

Pale mlangoni Hanan alikuwa amewasha chetezo, udi wa alasiri. Ghalib akakitazama kile chetezo. Akamuomba ruhusa, akalisimamisha kopo jipya juu ya makaa, mdomo mmoja chini, mmoja juu. Moshi ukapita upande mmoja tu, fyuu, ukafuata ukuta wa kopo kama maji yaliyopata ufa. Masega yake hayakujaa ndani. Akaliweka la kutu. Kimya. Ghalib akasema hili nalo limeziba. Halafu, polepole, moshi wa udi ukachomoza juu, mwembamba, sawasawa pande zote, kama mvuke wa wali ulioiva.

"Hili," alisema.

Hanan hakulifunga. Alimuuliza, je, lile lake la zamani lilikufa na nini? Maana masega hayajizibi yenyewe. Asipojua kilichoyaziba, atayaziba na haya, na siku mbili hizi atakuwa hapa tena anamlaumu yeye.

Ghalib akaona anadharauliwa. Akamwambia hakuna dereva mjini anayelitunza gari kama yeye. Wenzake wanatia petroli kavu, hawana huruma. Yeye, tangu alipoiuza mashua akanunua gari, hajalitia petroli hata mara moja bila kuichanganyia oili, mkono wake mwenyewe, anatikisa mpaka inakuwa rangi ya chai.

Hanan akamtazama. "Adeer," akasema, ndivyo Wasomali wanavyomwita ami, "unaichanganya petroli na oili? Ya gari?"

"Kama mashine ya mashua. Usipoichanganyia si inakufa?"

Msichana akakaa chini. Alicheka mpaka akashika buibui kujifuta machozi, na kila akitaka kusema neno linakatika. Hatimaye akamfahamisha: mashine ya mashua inakunywa oili pamoja na petroli, ndivyo ilivyoundwa. Gari oili yake ina mahali pake. Yeye ameichoma ndani ya moto miaka yote hiyo, na masizi yake yote yamekwenda kukaa kwenye masega.

"Kwa hivyo nimelisonga mimi," Ghalib alisema.

"Wewe. Kwa mapenzi."

Hapo akacheka hata yeye, tena sana. Alirudi kwa Adnan, wakalimwaga tangi lote, wakazisafisha plagi, na petroli ile ya rangi ya chai akapewa Mzamil, mpwawe, akaitie kwenye mashine ya mashua yake. Ikamfaa vizuri mno. Kopo la kutu likafungwa, Adnan akakaza skrubu ya mwisho, Ghalib akatia ufunguo.

Kesho yake Mwanapili alitoka na mkoba mmoja na fimbo, akasimama katikati ya wenye teksi wanaomvutavuta. Akamuona Ghalib. Akamshika kichwa kama mtoto. Kisha akauliza gari la nani lile. La nduguyo, akajibiwa. Akakaa mbele.

Pale kwenye kizuizi askari aliinama dirishani, akatega sikio, akauliza kwa Kisomali kama gari limezimika. Ghalib akamwambia hapana, linawaka. Askari akauweka mkono juu ya boneti, akausikia mtetemo, akatikisa kichwa, akawapungia wapite. Ghalib alilikanyagia. Likaruka. Mwanapili akashika skafu yake, akavuta pumzi ndefu, ndefu kweli, wala hakukohoa.

"Nenda tu," alimwambia. "Kwani nimekwambia usimame?"

Akazunguka naye mji mzima.

Nyumbani Barke, mkewe, alikuwa ameshapakua wali wa nazi na nguru wa kupaka, lakini nani anakaa? Majirani wamejaa uani, wanamkumbatia Mwanapili, na wanaume wameinama nyuma ya gari wanaweka viganja kwenye bomba la moshi, wanavinusa, wanapeana zamu. Mwanapili mwenyewe akataka aonyeshwe, akainamishwa na fimbo yake.

"Baba Tasnim," Barke alimwita mumewe, "hilo gari halili. Watu ndio wanaokula."

Basi wakanawa. Sinia likawekwa mkekani, mmoja akaketi, na mwengine, wakasogeleana magoti mpaka Mwanapili akapata pa kunyoosha mguu. Palibaki nafasi moja, ubavuni pake, na Ghalib akaingia hapo, na mvuke wa wali ukawapanda wote usoni.